Kizingiti Kilichosogezwa



Juma hili nina deni la kulipa. Niliwajibu watoto wa mafundisho, hapa Majengo, jambo nisilolijua, tena kwa sauti ya mtu anayelijua.

Kijana mmoja wa parokia alikuwa ametuletea picha ya uwanja wa ndege wa San Diego, Marekani, anakoishi dada yake. Mtoto mmoja aliitazama kwa makini, kisha akauliza: “Padre, mbona mwanzoni mwa njia ya ndege pamechorwa mishale myeupe, na ile mistari minene ya kutulia ipo mbele sana? Ndege hazitui pale penye mishale?” Nikamjibu bila kusita: “Pale pameharibika, mwanangu. Ni kama Goma.”

Goma ilinijia upesi kwa sababu wengi wetu tunaikumbuka. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka, na lava ikateremka hadi katikati ya mji. Ilifunika ncha ya kaskazini ya njia ya ndege, na katika kilometa 3 hivi zikabaki 2 hivi. Nilidhani kila njia ya ndege iliyoachwa mwanzo wake imepatwa na balaa la namna hiyo.

Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, mzee mmoja wa jumuiya yetu, fundi wa ndege mstaafu, alinivuta pembeni. “Padre, kwa heshima yako,” alisema, “lile jibu ulilowapa watoto silo.” Akaokota kijiti, akachora mstari mrefu mavumbini. “Hii ndiyo njia. Huu mwanzo wake ni mzima, una lami nzuri. Ubaya hauko hapa.” Kisha akachora mti, nje kabisa ya ule mstari. “Uko huku.”

Akanieleza hivi. Ndege inayokuja kutua haianguki kama jiwe, bali hushuka kwa mteremko mdogo wa nyuzi 3 hivi. Katika kila mita 1,000 za kwenda mbele, hushuka takriban mita 52. Kwa hiyo, palipo na kilima, jengo au mti mrefu karibu na mwanzo wa njia, rubani hawezi kuukata mteremko huo ghafla. Mteremko wote hauna budi kuinuliwa, na ukiinuliwa, mahali pa kugusa ardhi husogea mbele. Mti wa mita 20 waweza kukisogeza kizingiti karibu mita 400. Mara chache sababu huwa lami isiyostahimili kishindo cha kutua, au makelele yanayowasumbua wakazi. Lakini mara nyingi sababu ni kile kilichosimama njiani angani.

San Diego ndivyo ilivyo. Ndege zinazotua kutoka mashariki hupita juu ya kilima chenye nyumba za watu. Njia ina urefu wa mita 2,865, lakini kizingiti cha upande huo kimesogezwa mita 550 hivi. Anayetua hubakiwa na mita 2,300 na kitu.

“Na ile mishale?” nikamwuliza.

“Mishale inasema: usiguse hapa unapotoka angani, lakini ukiwa ardhini, karibu, pita.” Ndege inayoruka kuelekea upande ule ule yaweza kuanzia mbio zake juu ya mishale, kwa maana inakipa kile kilima kisogo. Inayotua kutoka upande wa pili yaweza kumalizia mwendo wake hapo. Njia iliyofungwa kweli huwekwa alama kubwa ya X. Mishale si X, Padre, alinikumbusha. Nami nilikuwa nimewafundisha watoto kwamba ni kitu kimoja.

Nilipotaka kucheka kosa langu, yeye hakucheka. Alinikumbusha tarehe 15 Aprili 2008, pale pale Goma. Ndege ya shirika la Hewa Bora ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa njia ile iliyofupishwa, ikaingia katika mtaa wenye soko. Walikufa watu wapatao 40, na wengi wao hawakuwa abiria. Walikuwa katika shughuli zao za siku. “Mita za njia ya ndege ni akiba ya uhai,” alisema. “Lava ilizichukua Goma. Kwingineko tunazichukua sisi wenyewe, mti kwa mti, ghorofa kwa ghorofa.”

Sisi tunaoishi Moshi tuna uwanja mdogo mjini, na tuna KIA, wenye njia ya mita 3,600, karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Katika miinuko hewa ni nyepesi, na ndege huhitaji mita nyingi zaidi kuruka na kutua. Mji wetu unakua, nasi tunapenda kujenga na kupanda miti. Ni mambo mema. Lakini mwenye kiwanja karibu na uwanja anapoambiwa asizidishe kimo, asidhani anaonewa. Kimo cha paa lake hupimwa pia kwa mita za mtu asiyemjua, anayeshuka kutoka mawinguni.

Jumamosi niliwarudia watoto nikawaambia nilikosea. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami nimejifunza kwamba ujinga ulikuwa katika kujibu kwangu. Walinisamehe upesi. Kisha yule mwenye swali akanyosha mkono tena: “Padre, kama mti ni wa bibi yangu, nani atamwambia aukate?”

Safari hii sikujibu haraka. Nilimwambia tutamwendea bibi pamoja, na yule mzee wa kijiti tutamchukua.