Kamera ya Nyumbani na Stara Yetu

Niliolewa kutoka Unguja nikaletwa Engutoto, Arusha, katika nyumba yenye kamera. Maharusi mnaohamia nyumba kama hizi, haya yatawafaa.

Picha ikififia usiku, usikimbilie kumwita fundi. Taa za usiku za kamera huvuta wadudu, na buibui huwafuata akatanda utando mbele ya lenzi. Futa taratibu kwa kitambaa laini. Kamera ikizima, angalia kwanza umeme na waya. Saa ikipotea kila umeme ukikatika, huenda betri ndogo ndani ya mashine ya kurekodi imekwisha. Diski ikijaa, mashine nyingi hufuta rekodi za zamani, kwa hiyo tukio unalolihitaji lihifadhi mapema.

Lakini kubwa zaidi ni stara. Kamera yetu ya sebuleni ilikuwa ikionekana kwenye simu ya shemeji yangu, aliyesaidia kuifunga. Shemeji si maharimu wangu, na sebuleni mimi hukaa bila ya mtandio. Nikamweleza mume wangu kwa upole. Tukabadilisha nywila, na kamera tukaihamishia getini.

Suratun-Nur, aya ya 58, inataja nyakati tatu za faragha ambazo hata watoto wetu wafundishwe kubisha hodi. Kamera haibishi hodi.

Basi bibi harusi, ukiingia tu uliza: nani mwingine ana nywila? Na fundi akimaliza kazi yake, ibadilisheni siku hiyo hiyo.