Picha za Bibi Harusi Zinalala Wapi?

Leo hatuleti mshono mpya wala rangi ya msimu. Tunaleta habari ya laptopu kuukuu, na msitukimbie, maana inamhusu kila bibi harusi aliyewahi kumtumia fundi picha yake.

Sisi tuko wawili, mtu na wifi yake. Tunashona hapa Mloka, Rufiji, karibu na geti la Mtemere la Hifadhi ya Nyerere. Kazi zetu nyingi ni nguo za harusi. Bibi harusi wa Kibiti au Ikwiriri hawezi kuja kupimwa mara tatu, kwa hiyo tunaomba vipimo na picha: ya mbele, ya nyuma, ya ubavu, amevaa nguo ya kubana tuone mabega yalivyokaa. Wengine hutuma na za siku ya hina, kichwa wazi, wamejaa furaha. Hizo si picha za kuonwa na mwanamume asiye maharimu wao. Zamani vipimo tuliandika kwenye daftari. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 hapa Rufiji, tulipoona karatasi za watu zimegeuka uji, tukahamishia kila kitu kwenye laptopu.

Laptopu yenyewe ni ya mtumba. Ina RAM ya GB 4 na diski ya GB 500, ile ya zamani yenye sahani inayozunguka ndani. Ilikuwa na Windows 10, ambayo Microsoft walitangaza mwisho wa kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali mashine ya umri ule. Ukiiwasha, unakata mikono ya gauni na kuimaliza kabla haijafunguka.

Tukaipeleka mjini kwa fundi kompyuta. Akataka abaki nayo wiki nzima, na tumwandikie neno la siri kwenye karatasi. Tulipomwambia kuna picha za wateja akacheka, akasema yeye haangalii vitu vya watu. Huenda ni kweli. Lakini tulikabidhiwa sisi, hakukabidhiwa yeye. Tukaibeba, tukapanda basi, tukarudi nayo Mloka.

Binti wa dada yetu anasoma chuo Dar. Yeye ndiye aliyetuambia, "Shangazi, wekeni Linux." Linux ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, na hugawiwa bure kwa ruhusa ya wenyewe. Hilo la ruhusa lilituvutia, kwani Windows nyingi "zinazopigwa" vibandani ni nakala za wizi, na sisi hatutaki kushona nguo ya nikaha kwa mashine yenye kitu cha wizi. Ziko aina nyingi. Tulichukua Linux Mint ya Xfce, nyepesi kwa mashine dhaifu. Imejengwa juu ya Ubuntu, iliyoanza mwaka 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina Ubuntu maana yake ni utu. Mwaka huohuo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya bure kwa Kiswahili. Kumbe mambo haya yalishafika kwetu siku nyingi.

Binti akashauri tuongeze diski ya pili, SSD ya GB 120, isiyo na kitu kinachozunguka. Hiyo iwe ya mfumo, mashine iwe nyepesi. Ile kubwa ihamie mahali pa kuchezeshea DVD, ndani ya fremu yake. Fremu hizo zina unene wa aina mbili, milimita 9.5 na 12.7, na muuzaji alitaka tuchague kwa macho. Fundi cherehani hachagui kwa macho! Tulishapima kwa rula nyumbani.

Kwanza tulinakili picha zote kwenye flashi mbili. Kisha tukaitoa kabisa diski kubwa, tukaiweka SSD peke yake ndani. Hapa ndipo wengi huunguza: mashine ikiwa na diski mbili wakati wa kusakinisha, ni rahisi kufuta isiyo yake, au kile kipande kinachoamsha mfumo kikaenda kukaa kwenye diski nyingine, na siku ukiitoa hiyo mashine haiwaki. Diski ikiwa mezani, hakuna wa kuigusa.

Mint tuliipakua kwa bando la usiku, tukaiandika kwenye flashi ya tatu kwa programu ya Rufus. Betri imekufa zamani, kwa hiyo tulisubiri umeme uliotulia, tukapiga bismillahi. Ilipouliza kama tunataka kufunga folda yetu binafsi kwa neno la siri, tukakubali. Msidharau swali hilo. Programu za picha hujitunzia vijipicha vidogo vya kila ulichofungua, na vinakaa kwenye diski ya mfumo hata kama picha kubwa ziko kwingine.

Mfumo ulipowaka ndipo tukairudisha diski kubwa. Tukaifuta yote, tukaiunda upya ikiwa imefungwa kwa neno lake la siri, kisha tukarudisha picha. Asiye na neno hilo hasomi kitu, hata akiichomoa na kuiweka kwenye kompyuta yake. Ukilisahau nawe umepotea pamoja naye, hakuna wa kukufungulia. Kwa hiyo tunalijua wote wawili, kichwani. Mmoja akifikwa na ajali, wateja wa mwenzake hawakwami.

Flashi nazo zilitaka akili. Kufuta kwa kawaida hakuondoi picha, kunaondoa jina lake tu kwenye orodha. Ipo programu ya bure iitwayo PhotoRec, kazi yake ni kuokota zilizofutwa, na yeyote anaweza kuitumia. Flashi moja tuliiandika sifuri mwanzo hadi mwisho. Ya pili tuliifunga kwa neno la siri kama diski, iko sandukuni na dhahabu. Na nyinyi mnaouza simu zenu za zamani kabla ya harusi, sikieni hapo.

Sasa laptopu inawaka kabla chai haijamiminwa. Siku ikiharibika kioo au kibodi, tunafungua skrubu, tunachomoa diski kubwa, inabaki Mloka. Fundi anapata chuma chake atengeneze.

Wiki ya pili bibi harusi mmoja wa ng'ambo ya mto alituuliza kwa simu, kwa sauti ya chini, picha zake zinalala wapi. Tulimweleza kama tulivyowaeleza nyinyi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema atatuma na zile za mgongo, ambazo tulikuwa tukizihitaji kwa ajili ya zipu tangu mwezi uliopita.

Printa tu ndiyo haijakubaliana na Linux. Risiti bado tunaandika kwa mkono.