Barua za Kaka Katika Kompyuta

Kwetu ni Dzaleka, wilaya ya Dowa, mahali palipokuwa gereza kabla ya kufanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Kaka yangu yuko Kanada, na barua zake huja kwa intaneti, ambayo kwetu ni ghali. Mama alikuwa akisomewa katika simu ya jirani, na mara nyingi salio liliisha kabla ya salamu za mwisho.

Likizo iliyopita nilipewa kompyuta kuukuu. Nikaenda nayo Lilongwe kwa mjomba, nikaitia Thunderbird, programu itolewayo bure. Kazi yenyewe ni hii: huandika anwani yako na neno la siri, kisha hutaja seva mbili. Ya kupokea hufuata kanuni ya IMAP, na mlango wake ni 993. Ya kupeleka hufuata SMTP, mlango 465 au 587. Iko pia POP, ambayo asili yake ni kuzichukua barua na kuziondoa katika seva. IMAP huziacha kule, nawe ukapata nakala. Nikachagua IMAP, maana kompyuta kuukuu haina ahadi.

Barua za miaka mitatu zikateremka. Jioni nikamsomea mama zote Dzaleka, bila intaneti. Akanikatiza: "Rudia hapo aliposema amepona." Nikarudia mara nne. Jibu lake limo tayari, langoja safari yangu ya mjini.

Wenzangu, tusijifunze kompyuta kwa ajili ya mtihani tu. Nyumbani yuko mtu anayengoja barua.