Kisahani cha Karibu

Katika gofu ya visahani, mchezo ambao Ed Headrick aliubunia kiwanja cha kwanza cha kudumu huko Oak Grove, California, mwaka 1975, mchezaji hategemei kisahani kimoja. Kipo chenye ukingo mwembamba, cha kwenda mbali. Kipo pia chenye ukingo mnene na butu, cha kukaribia kikapu na kutumbukiza. Hiki huenda polepole, na kilicho tulivu hakipindi sana kulia wala kushoto.

Mgeni mmoja alituachia cha aina hiyo hapa Lushoto. Kikapu chetu ni tenga la kabichi. Tambarare ni adimu milimani huku; ukipitiliza, kisahani hubingirika hadi shamba la jirani bondeni.

Mwanangu hukidharau: "Mama, hiki hakifiki mbali." Namjibu kuwa kazi yake ni kutua pale unapotaka.

Mwezi ujao anakwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Namwombea aende mbali sana. Lakini nimewaona wengi walioondoka Usambara wakafika mbali, na wachache waliojua kutua nyumbani mzazi alipougua. Ningependa mwanangu awe na visahani vyote viwili.