Keki ya Singida isiyomjua ng'ombe

Mabasi ya Dar kwenda Mwanza yakifika Singida, abiria hununua mafuta ya alizeti na asali, haoo, wameondoka! Safari hii mimi nilishuka. Shangazi, anayekaa karibu na ziwa Singidani, alikuwa anatimiza miaka 60. Tumbo lake na maziwa havipikiki chungu kimoja, hivyo kila sherehe yeye hutazama tu wenzake wakilishana keki.

Nikasema, leo atalishwa yeye kwanza. Siagi ya nini mji wa alizeti? Nikachanganya vikombe 2 vya unga wa ngano, vijiko vya chai 2 vya beking pauda na kijiko kikubwa 1 cha tangawizi ya unga. Pembeni nikapiga mayai 2 ya kienyeji na nusu kikombe cha sukari, nikatia mafuta nusu kikombe, asali robo, maji robo tatu. Nikavikoroga pamoja.

Oveni? Wapi bwana! Sufuria iliyopakwa mafuta, mkaa kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko, kama dakika 40. Choma kijiti, kikitoka kikavu, epua.

Shangazi akalishwa, akafumba macho. "Mwanangu, una hakika haina siagi?"

"Alizeti tupu, shangazi."

Usiku kucha tumbo lake kimya. Lililonguruma ni langu: keki aliimaliza yeye!