Kadi ya Kuingilia Uwanjani

Sikuiba. Naanza na hilo kwa sababu huku kwetu Temeke, ukisikia katibu wa michango anaungama, unachosubiri ni kutajiwa shilingi ngapi. Fedha za uwanja wa watoto ziliishia uwanjani zote: kwenye kifusi, saruji, mabomba ya bembea, rangi ya matairi, uzio wa waya na geti lake. Kosa langu liko kwenye orodha, na mkaguzi wa hesabu angelipita bila kuligusa.

Nilipewa ukatibu kwa sifa moja tu: nimekaa kwenye kamati nyingi za harusi. Utaratibu wake mnaujua. Kadi ya mchango inatangulia, ahadi zinaandikwa, kundi la WhatsApp linafunguliwa, na kila jioni orodha inazunguka. Aliyelipa ana tiki ya kijani. Aliyeahidi tu ana nafasi tupu mbele ya jina lake, na nafasi ile inamkera kuliko deni lenyewe. Kabla ya M-Pesa kuanza nchini mwaka 2008, mweka hazina alizunguka na daftari nyumba kwa nyumba, na ukimwona anakuja uliweza kutokea mlango wa uani. Siku hizi huna pa kutokea. Mwishowe aliyetimiza kiwango anapata kadi ya kuingilia ukumbini, singo au dabo kwa kadiri ya mkono wake. Asiyetimiza anabaki nyumbani, wala halalamiki, maana kanuni aliijua tangu mwanzo.

Utaratibu huo nikauhamishia uwanjani jinsi ulivyo.

Uwanja wenyewe ni eneo la wazi, la umma, na watoto hawakuwa wamemsubiri katibu ili wacheze. Wavulana walikuwa na chandimu yao, wasichana rede, na giza likianza kuingia wote walichanganyika kwenye kombolela mpaka waitwe kwa ukali. Ila masika yakija pote paligeuka dimbwi, na kiangazi ni vipande vya chupa. Bembea ya zamani ilibaki nguzo tu. Minyororo ilishakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwa hiyo haja ilikuwepo.

Katika kikao cha kwanza mzee mmoja alipendekeza tuanze na msaragambo: Jumamosi watu watoke na majembe, machepe na mikokoteni, tusawazishe wenyewe, kisha fedha itafutwe kwa yale tusiyoyaweza kwa mikono. Nilimjibu kwa heshima zote kwamba wazo lake nalipokea, lakini dunia imebadilika, watu wana kazi zao, atakayekosa muda atoe hela. Wenzangu wakacheka kidogo. Mzee akanyamaza, na hakuja kikao cha pili. Kwake pia nina deni.

Tukapanga shilingi 20,000 kwa kila kaya. Nilikipendekeza mimi kiwango hicho, na niliona ni kidogo mno hata kujadiliwa, kwa kuwa kwenye harusi nimezoea mara tano yake. Orodha ikaanza kuzunguka. Ilifanya kazi, sitadanganya. Watu ambao hawajawahi kuhudhuria mkutano wa mtaa walituma fedha usiku wa manane ili kesho wasikutwe na nafasi tupu. Mfanyabiashara mmoja alituma 100,000; mwenzake alipoiona tiki ile akatuma 200,000 kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nalala nikijisifu.

Sasa nifike penyewe. Si wote walioweza kutoa 20,000 kwa mkupuo. Wapo walionifuata na 500, wengine 1,000, wengine 2,000, fedha za mkononi zilizokunjwakunjwa, wakisema, "Katibu, pokea hii kwanza." Nilizipokea. Sikuziingiza kwenye orodha, kwa sababu kwenye kamati za harusi tuna kanuni kwamba jina linapata tiki likitimiza, na mimi nilipenda orodha isiyo na vurugu. Nikaziandika kurasa za nyuma za daftari langu, nikijiambia nitawahamishia mbele wakimaliza. Wengi hawakumaliza. Fedha zao zilinunua kifusi pamoja na za wenzao, na kwenye kundi majina yao yakabaki na nafasi tupu, kana kwamba hawajatoa hata senti.

Haikutosha. Muda ulipobana, fundi wa kuchomelea akidai malipo yake, niliandika ujumbe wenye kichwa "WADAIWA SUGU" kwa herufi kubwa, nikapanga majina chini yake. Miongoni mwao alikuwemo mama mmoja anayekaanga vitumbua njia panda. Alishanipa 500 mara kadhaa. Na siku za kumwaga zege alibeba ndoo za maji kutoka bombani kwake bila kuombwa, na maji yale kwake ni ya kulipia. Niliyajua yote hayo nilipokuwa naandika jina lake. Sikusahau. Niliona tu kwamba ndoo za maji hazina safu yake kwenye orodha.

Kuna utetezi ambao nimeutumia mara nyingi na ambao una ukweli wake: bila orodha hadharani, watu hawaamini. Mitaa yetu imeliwa fedha na wajanja wengi, na daftari la sirini ndilo maficho yao. Sawa. Lakini aliyemulikwa taa hakuwa mimi. Kila mtu alijua jirani yake ametoa nini. Hakuna aliyejua bembea iligharimu kiasi gani, wala kifusi kilinunuliwa kwa nani. Mtunza fedha ndiye wa kuangaliwa, nami nikawageuza watu waangaliane wao kwa wao. Risiti zilikuwa safi na nilikuwa nazo mfukoni, na hakuna aliyeziulizia.

Wenzetu Wakenya walishayapitia haya kwa kiwango cha taifa. Harambee, wito alioushika Jomo Kenyatta tangu uhuru wa mwaka 1963, ilijenga shule na zahanati nyingi, lakini ilizaa na shinikizo, hadi sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ikakataza mtumishi kutumia cheo chake kumbana mtu achange. Mimi sikuwa na cheo cha serikali. Nilikuwa na simu.

Siku ya kufungua tulikuwa na kibao getini, kimeandikwa kwa rangi ya mafuta: majina ya wachangiaji waliotimiza, yamepangwa kuanzia aliyetoa nyingi zaidi. Wazo la kibao lilikuwa langu. Mwenyekiti wa mtaa alikisifu katika hotuba yake.

Watoto ndio walioelewa maana yake upesi kuliko sisi. Kulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa kwa jirani, ambaye mara nyingi aliutuma kwa mwanawe. Mwanawe, darasa la tatu hivi, akajifanya mlinzi. Hakuna mkubwa aliyemfundisha. Alisimama chini ya kibao, mtoto akija anamuuliza jina la baba yake, kisha anafuata mistari kwa kidole. Lipo, ingia. Halipo, kaa nje. Walioachwa nje walishika waya wakatazama bembea. Wengine wakaenda kuchezea barabarani, kwenye bodaboda. Niliposimuliwa nilicheka, nikasema watoto bwana. Siku niliyoona kwa macho yangu, aliyeambiwa "halipo" alikuwa binti wa yule mama wa vitumbua. Hakulia. Alihakikisha mwenyewe, akasoma kibao chote mpaka chini, akaondoka.

Nilikwenda kwa mama yake jioni ile. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kwamba hakuna aliyemfukuza mtoto, na kwamba uwanja ni wa wote. Alinikaribisha kiti, akaendelea kugeuza vitumbua. "Katibu, mimi sina neno," akasema. "Ungeniambia tu mapema kwamba ni harusi. Ningejua sijaalikwa." Maelezo yangu yote yakaniishia hapohapo. Nilinunua vitumbua ambavyo sikuvihitaji, na hilo nalo lilikuwa la kipuuzi.

Niliitisha kikao, nikasoma kurasa za nyuma za daftari, jina kwa jina, 500 kwa 500. Jumla yake ilimpita yule wa kwanza kwenye kibao. Niliomba radhi kwa ule ujumbe wa wadaiwa sugu, nikaomba kibao kiondolewe. Kufuli waliliondoa bila ubishi. Kibao walikataa. Mmoja wa walioandikwa juu alisema wazi kwamba yeye alitoa kwa sababu ya jina, na kulifuta sasa ni kumdhulumu. Sikuwa na jibu, kwa kuwa niliyemuuzia nafasi ile ni mimi. Kibao kipo hadi leo. Jua limeanza kukipausha, lakini bado kinasomeka.

Yule mzee wa msaragambo nilimfuata kwake. Aliniachia nizungumze mpaka nimalize, kisha akauliza kama nimekuja kuomba radhi au kuazima jembe. Nilikuwa nimeendea vyote viwili, maana sasa tuna mtaro wa maji ya mvua wa kuchimba kando ya uwanja. Safari hii kila mwenye nguvu anachimba Jumamosi, mwenye fedha anatoa anachotoa, na jioni ninabandika mambo mawili tu: jumla iliyoingia na jumla iliyotumika, pamoja na picha za risiti. Hakuna majina. Fedha zinakuja polepole mno, na wale wa 200,000 hatujawasikia. Mtaro umefika nusu, masika yanakaribia, na wapo wanaonieleza usoni kwamba kwa orodha ya tiki ungekuwa umeshakwisha. Wanasema kweli.