Jina Pembeni mwa Picha

Mimi ni mpiga picha wa hapa Sumbawanga. Napiga picha za arusi, za Kipaimara na za mazishi, na kwa kazi hii nimesomesha watoto wangu. Nataka kuwasimulia jambo lililonipata, maana siku hizi nyumba nyingi zina simu yenye kamera, na lililonipata mimi laweza kumpata yeyote.

Zamani za filamu, kutia jina ilikuwa kazi nyepesi. Picha ikisha kukauka, nilipiga muhuri wangu mgongoni mwake, basi. Picha za siku hizi hazina mgongo. Ukimtumia mtu mmoja asubuhi, jioni imekwisha fika Namanyere, Mpanda na Mbeya. Kwa hiyo nikajifunza kuandika jina langu kwa programu ya simu, kwa herufi nyeupe, chini pembeni kabisa.

Miaka michache iliyopita, wakati wa mavuno, nilimpiga picha bibi mmoja upande wa Matai akipepeta ulezi. Upepo wa Ufipa mwaujua: makapi yaliruka kama moshi, naye alikuwa akicheka. Nilimwomba ruhusa ya kupiga, akakubali. Ruhusa ya kuipeleka kwa watu sikumwomba. Jioni nikaituma katika kundi la WhatsApp, jina langu likiwa pembeni, nami nikajisifu moyoni.

Haukupita mwezi, picha ikanirudia kutoka kwa mtu nisiyemjua. Pembe yenye jina langu ilikuwa imekatwa. Chini paliandikwa kwamba bibi huyu ametupwa na watoto wake, hana chakula, wenye huruma watume fedha kwa namba fulani. Kumbe bibi yule ana watoto sita, na ghala lake lilikuwa limejaa! Mwanawe mmoja aliiona akiwa kazini Mbeya. Akapanda basi, akaja na ndugu zake mpaka kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeonekana na kamera siku ile. Wakaniuliza, "Umekwisha pata kiasi gani?"

Lo! Sikuwa na la kuonyesha ila picha ya asili, iliyobaki katika kamera pamoja na tarehe yake. Tukazilinganisha. Katika yangu, upande wa kushoto, walionekana wajukuu wawili wakimsaidia bibi. Yule mwongo aliwakata ili aonekane mpweke. Hapo wakaniamini.

Nikaenda kwa bibi kuomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, jina lako wamelikata, basi wewe umepona. Uso wangu umebaki."

Tangu siku ile nimebadili desturi yangu. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 haidai sahihi: haki ya mpigaji huanza pale anapoipiga picha. Jina basi ni la nini? Ni la kuwaonyesha watu nani wa kuulizwa. Ng'ombe hatumpigi chapa jichoni wala kwenye ncha ya mkia. Twampiga pajani, mahali isipoondoka bila kuharibu ngozi. Vivyo hivyo jina silitupi tena pembeni. Naliandika dogo, kwa herufi hafifu, karibu na mtu mwenyewe, juu ya nguo au miguuni pake, ili mwenye kulikata aikate na picha. Usoni siliweki kamwe, maana huko ni kuharibu kazi yako mwenyewe.

Tena, jina naliandika juu ya nakala, na nakala hiyo naituma ikiwa ndogo. Picha ya asili haiguswi, nayo naihifadhi mahali pawili. Mtu asitegemee maelezo ambayo kamera huyaficha ndani ya picha, kwani ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, hayo hupotea. Wala sahihi peke yake si ushahidi. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alikuwa akiandika jina lake juu ya kazi zake. Baadaye watu wakatengeneza za bandia, wakaandika jina lile lile.

Lakini lililo kubwa kuliko yote ni hili: nauliza mara mbili. Kwanza, "Nikupige picha?" Kisha, "Niipeleke kwa watu?" Wengi husema ndiyo kwa la kwanza, hapana kwa la pili, nami nanyamaza.

Msimu uliopita bibi aliniita mwenyewe. Alitaka picha pamoja na wajukuu wake wote, asikose hata mmoja. Nilipomwuliza swali la pili, alitikisa kichwa. Basi nikaichapisha kwenye karatasi, nayo imo ukutani kwake. Mgongoni nilipiga muhuri wangu wa zamani.